Wageni wa Alhamisi

Rumonge, 6 Machi 2000

Mdogo wangu Abdulhamid,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, na ninaomba barua hii ikukute wewe pia mzima huko Buyenzi, Bujumbura. Presha yangu imetulia tangu nilipokatazwa chumvi, ingawa dagaa wetu, ndagala, bila chumvi si chakula, ni adhabu. Mawese yamepanda bei na sabuni imefuata. Bariyeri ya askari hapa mjini inafungwa mapema siku hizi, kwa hiyo jua likianza kushuka kila mtu yuko kwake na mlango umekomelewa.

Kwangu tumeongezeka. Pascasie, yule mama Mkongomani anayeanika ndagala ufukweni, nyumba yake ilichomwa, nikampa chumba cha uani. Na barazani bado yupo fundi Jephté na cherehani yake. Unakumbuka alivuka ziwa kutoka upande wa Uvira peke yake. Walioanza naye safari hakufika nao, na sisi hatumuulizi. Analala palepale barazani, anasema anapenda hewa. Muongo huyo, anaogopa chumba kitupu.

Habari za Jamali bado hakuna. Tangu mwanangu apande lile basi dogo la kuja kwako mwezi wa Novemba, nimesikia maneno ya kila rangi. Waliofia ndani ya gari lilipovamiwa pale karibu na Gitaza walizikwa pamoja bila kutambuliwa, ni kweli. Lakini wapo walioruka dirishani wakakimbilia milimani, na hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo mimi nangoja, na wewe ungoje pamoja nami.

Sasa ombi. Televisheni uliyonitengenezea bado inaishi. Kila Alhamisi, baada ya habari za Kifaransa, kuna mchezo wa nyumba ya wageni. Jephté anatutafsiria, maana Kifaransa anakijua, na majirani wanakuja hadi sebule inajaa. Nakuomba na wewe uutazame huko, saa hiyohiyo, ili nijue kwamba angalau mara moja kwa wiki ndugu yangu anaangalia kitu ninachokiangalia mimi. Na uniambie unakuja lini. Tangu Novemba hujakanyaga hapa.

Ni mimi dada yako,
Mwanvua


Bujumbura, 29 Machi 2000

Dada yangu mpendwa Mwanvua,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilichelewa mikononi mwa Kalume, dereva wa lori la mawese, kwa sababu barabara ilifungwa. Usimlaumu, alinipa ikiwa imenyooka, haina hata tone la mafuta. Mimi mzima. Jino linanisumbua, ila dawa yake ni kung'oa na mimi sitaki.

Nilikuwa nije mwezi huu. Bahati mbaya redio za wateja zimejaa mezani mpaka chakula nakulia kitandani. Mwezi ujao nao nimeahidi kutengeneza vipaza sauti vya msikiti. Labda baada ya hapo. Lakini kwa nini usije wewe, uhamie kabisa? Chumba cha nyuma kipo na kina dirisha.

Mchezo nimeutazama kwa ajili yako. Unanijua: televisheni nimezifungua nyingi na sijawahi kukuta mtu ndani, wala pepo. Kama nimeelewa, ni nyumba iliyo karibu na stesheni ya treni. Watu waliokufa ghafla safarini, wasiojua wenyewe kwamba wamekufa, wanafika hapo kuomba kitanda. Mwenye nyumba ni huyo Solange, pamoja na mzee Baptiste aliyekuwa dereva wa treni, na msichana Lili. Hawana undugu wa damu. Kila mmoja amefiwa na watu wake, wakaokotana. Kazi yao ni kumwambia mgeni ukweli kwa upole, naye akishaambiwa anachukua mzigo wake na kwenda zake. Asipoambiwa anabaki, lakini kila siku anasahau kitu. Sasa amefika René, mdogo wake Solange, nguo zimelowa chapachapa, na Solange hajamwambia. Anampikia tu na kumpikia. Mimi naona ni upuuzi, lakini nitaendelea.

Jambo moja, usikasirike. Wazee wa msikiti wameniuliza tena kuhusu hitma ya Jamali. Nimewaambia nitakuuliza.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Rumonge, 2 Mei 2000

Abdulhamid,

Salaam. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, ndagala hazikauki, na Pascasie anazigeuza huku akizigombeza kama watoto wakaidi.

Neno ulilolitaja mwishoni mwa barua yako usiniandikie tena. Hitma anasomewa aliyekufa. Nani amemwona Jamali amekufa? Wewe umemwona? Nililia siku nzima, na jioni nikamfokea Jephté bila kosa, ikabidi nimpikie chai ya tangawizi ya kumwomba radhi.

Eti nihamie Buyenzi. Barabara ambayo wewe mwanamume unaikwepa kila mwezi kwa kisingizio kipya, mimi mwenye presha niipite na magodoro yangu? Meza yako imejaa redio tangu tukiwa watoto, Hamidi. Halafu nitaondokaje hapa? Jamali akishuka kutoka huko milimani atakuja kwenye mlango anaoujua.

Tuongee mchezo. Umeona Alhamisi iliyopita? Nilifurahi mno. René amekumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akifunga kilemba na kuimba akitwanga. Kisha akasema yeye, akirudi nyumbani, alikuwa anavua viatu mbali na kuanza kupiga mluzi, ili mkewe ajue ni mume wake anayekuja na asishtuke. Pascasie alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. Kila wiki René anakumbuka zaidi. Mimi ningekuwa Solange, nisingemwambia kamwe.

Dada yako,
Mwanvua


Bujumbura, 25 Mei 2000

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi, na unisamehe kwa lile neno. Jino nimeng'oa. Fundi wa meno alikuwa na mikono mizito kuliko ya seremala, lakini sasa nalala.

Kuhusu mchezo, mimi nikiona waya umefungwa pasipo pake siwezi kunyamaza. Alhamisi hiyo uliyoitaja niliangalia tangu mwanzo hadi majina ya mwisho. René hakusema habari ya viatu wala mluzi. Hana hata mke! Alisimama mbele ya picha ya mama yake iliyotundikwa ukutani, akamuuliza Solange, "Huyu mama ni nani?" Basi. Hakumbuki, dada, anasahau. Wiki iliyofuata alisahau jina la mji wao. Ndiyo maana mzee Baptiste alimkalisha Solange jikoni akamwambia, "Unamweka karibu na wewe, na kila siku anazidi kukupotea."

Huyo Jephté wenu anawadanganya. Ama Kifaransa chake ni cha kubahatisha, ama anajitungia. Mwambie atafsiri kinachosemwa au anyamaze. Watu wazima kulishwa uongo sebuleni kwa dada yangu, sipendi hata kidogo.

Kazi ya msikiti imechukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mwezi wa sita huenda nikapata nafasi.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Rumonge, 20 Juni 2000

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako, na pole kwa jino. Hapa usiku wa juzi milio ilisikika upande wa milimani, tukalala chini ya vitanda, asubuhi kila mtu akaenda kazini kwake. Tumezoea, na kuzoea huko kunanitisha.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikacheka mpaka Pascasie akaja kuuliza kuna nini. Wewe ulidhani hatujui? Mdomo wa René umeshafunga, Jephté bado anasema. Mtu kwenye picha anatamka neno moja, Jephté anashusha hadithi nzima. Macho tunayo, Hamidi.

Ilianza na Pascasie. Alipeleka kitenge kikashonwe, na wakati anangoja akamweleza Jephté jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akinywa chai kwa kuipuliza na kelele. Hakumwomba kitu. Alhamisi iliyofuata mgeni mmoja kwenye mchezo akapewa kikombe, na Jephté akamtia maneno yale, na ile kelele ya kupuliza. Pascasie akashika kichwa kwa mikono miwili. Ile ya viatu na mluzi nayo ni ya mumewe. Ya kilemba ni ya mama wa jirani yetu. Siku hizi watu wana nguo nyingi za kushona, wengine wanakata vifungo kwa makusudi. Jephté anakanyaga cherehani, anasikiliza, hajibu. Halafu Alhamisi kila mtu anakaa kungoja kama leo ni zamu ya mtu wake.

Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akanijibu, "Mama Jamali, ile Kifaransa ya mule ndani ni ya batu ba mbali. Hapa benye banaketi balipoteza batu babo, na hakuna mwenye aliaga mwenzake. Miye naazima tu kinywa ya ule mutu wa picha." Nikamuuliza mbona wa kwake hajawahi kuwatia. Akarudi kutunga uzi kwenye sindano.

Kuna sheria moja, ingawa hakuna aliyewahi kuitamka. Anayepelekwa kwa Jephté ni yule aliyekufa kweli. Aliye hai hapelekwi. Kwa hiyo mimi sijampa neno hata moja. Naona wananingoja. Kila nikishika nguo ya kushona Pascasie ananitazama. Lakini siku nitakayompa Jephté kicheko cha Jamali, nitakuwa nimemzika, na mimi siko tayari.

Dada yako,
Mwanvua


Bujumbura, 14 Julai 2000

Dada yangu Mwanvua,

Salaam. Mimi mzima na kazi zinaenda. Barua yako nimeirudia mara nyingi, hata nikaenda nayo kwenye chai. Mwombe Jephté radhi kwa niaba yangu. Namtumia sindano za cherehani na chupa ya mafuta ya mashine, mafuta mazuri, asiyachanganye na mawese.

Alhamisi hii nilizima sauti ya televisheni yangu nikabaki naangalia midomo tu. Nilitaka kuona kama ningeweza kusema chochote. Sikuweza. Mimi sina kipaji hicho, na nyumba ilikuwa kimya sana, nikaiwasha sauti haraka.

Jumatatu nilifika hadi stendi ya magari ya Rumonge nikiwa na begi. Nikagundua nimesahau kitambulisho, nikarudi.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Rumonge, 18 Agosti 2000

Mdogo wangu Abdulhamid,

Salaam kutoka gizani. Nguzo za umeme zimeangushwa huko njiani na hakuna anayethubutu kwenda kuzisimamisha. Vinginevyo tu wazima. Jephté anakushukuru kwa sindano, anazihesabia baraka na hamruhusu mtu kuzigusa.

Televisheni nimeifunika kitambaa. Ajabu ni kwamba Alhamisi watu walikuja vilevile, wakakaa kuitazama ikiwa imezimwa. Jephté alijaribu kusimulia lakini maneno yalimkauka. Anasema bila kuona kinywa hawezi. Tukanywa chai, tukaagana mapema.

Nasikia mchezo unakaribia mwisho. Tumekubaliana hivi: wewe utazame na uandike, Kalume alete barua, Jephté atusomee. Andika kama ilivyo, maana wewe ni mtu wa ukweli tangu utoto. Ulimsema baba mbele ya wageni kwamba hajui kuendesha baiskeli. Nataka kujua Solange alimfanya nini mdogo wake. Usinipunguzie kitu kwa kunionea huruma.

Umesahau kitambulisho? Kitambulisho chako hulala nacho. Sikuulizi zaidi.

Dada yako,
Mwanvua


Bujumbura, 15 Septemba 2000

Dada yangu mpendwa, na ninyi nyote mnaosikiliza,

Nawasalimu mmoja mmoja. Pascasie, hujambo? Fundi Jephté, nakusalimu kwa heshima, maana ni wewe unayesoma. Mimi ni mzima. Hapa watu wanaongea habari ya mkataba uliotiwa sahihi Arusha, na wananiletea redio zilizokufa miaka mingi, wanataka zifufuke ili waisikie amani. Nazifufua. Kinachosikika mpaka sasa ni mikutano.

Mchezo uliisha jana. Naandika ulivyokuwa.

Solange alipika chakula kingi. Baptiste na Lili walikaa mezani, René akakaa katikati yao. Solange alitaka kumwambia lile neno, mdomo ukafunguka, lakini René akamtangulia. Akasema, "Najua nimewachelewesha. Nilikimbilia milimani, nimetembea sana, lakini niko salama." Akacheka, akiziba mdomo kwa mkono kwa ajili ya lile pengo lake la mbele. Hakuwa amesahau kitu. Alitaja mtaa wao, akamtaja mbuzi waliyemfuga aliyekula daftari la shule, akamwomba Solange amfungie maandazi ya njiani, yale yasiyo na sukari nyingi. Asubuhi akachukua begi akasema anakwenda mjini kwa mjomba wake kujifunza kazi, na kwamba atarudi. Solange alisimama mlangoni. Picha ikaishia hapo, mlango ukiwa wazi. Hakumwambia, wala haikuhitajika.

Hivyo ndivyo ulivyokwisha.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Rumonge, 10 Oktoba 2000

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Umeme bado. Pascasie amepata mteja wa ndagala wa kuaminika, Jephté ameshona sare za wanakwaya, kola zimetoka pana kama za maaskofu na wanakwaya wamefurahi.

Barua yako Kalume aliileta mwenyewe hadi ndani, nikamkaribisha chai. Tukawasha taa ya mafuta, watu wakakaa, Jephté akasoma. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye lile pengo la mbele. Hapo sauti ikapungua. Unajua yeye ndiye aliyemshonea Jamali suruali ya safari. Alisoma mbuzi, akasoma maandazi, akasoma mjomba, kila neno likitoka polepole kuliko lililotangulia. Alipomaliza, Kalume akasema kutoka kule pembeni, na kikombe mkononi, "Mama, haikuisha vile. Miye niliangalia kule Buja. Ule dada alimuambia mbele ya bote, René, ulikufa. Na René akauliza, miye jina yangu ni nani? Sababu alikuwa amesahau hata ile. Dada akamupatia jina yake, akaenda nayo." Pascasie alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amekwisha sema.

Jephté akaikunja barua akanipa mkononi. Akaniambia, "Mama Jamali, ndugu yako naye ameazima kinywa." Wakatoka mmoja mmoja.

Nilikukasirikia usiku kucha. Asubuhi hasira ikawa haipo. René hana pengo, Hamidi. René hana mjomba. Wewe, ambaye hujawahi kuongeza chumvi kwenye habari yoyote, ulikaa peke yako huko ukamtia mwanangu katika kinywa cha mtu wa televisheni. Na sheria yetu nilikwisha kukuandikia: aliye hai hapelekwi. Ulitaka kunificha, na katika kunificha ukaniambia. Nimewaza jinsi ulivyokuwa unaandika, nikatamani ningekuwa hapo nikushike bega.

Basi ngoja niandike mimi, maana mmoja wetu lazima aandike. Jamali amekufa. Mwanangu Jamali alikufa Novemba, njiani, akija kwako. Mimi nilimruhusu na wewe ulimwita, na hakuna kati yetu aliyemuua. Nimeiandika, na nalia ninapoiandika, na bado nimekaa kwenye kiti changu. Sitaki afike mahali pa kuuliza jina lake.

Tutamsomea hitma Jumapili tarehe 12 Novemba, kabla Shaaban haijaisha. Nimechagua Jumapili ili Jephté na Pascasie watoke kanisani waje. Wewe ni mjomba wake, nafasi yako iko mbele, karibu na shehe. Ukiogopa barabara, sema unaogopa. Mimi pia naiogopa. Sitakupunguzia upendo usipokuja, lakini usiniandikie tena habari za redio.

Dada yako,
Mwanvua


Bujumbura, 13 Novemba 2000

Dada yangu Mwanvua,

Salaam. Msalimie Pascasie, mwambie samaki wake wameninukishia begi lote na ninamshukuru.

Umeniambia niseme, nami uso kwa uso nilishindwa, kwa hiyo nasema hapa. Naogopa. Kila mara niliyokuandikia nitakuja, niliogopa. Juzi nilipokuja kwenu nilikaa katikati ya magunia kwenye lori la Kalume, macho nimeyafumba, nikasoma kila sura ninayoijua, na nilipozimaliza nikazirudia. Uliponikuta mlangoni ukasema nimekonda. Sikukonda, dada, nilikuwa natetemeka.

Kuna jambo la hitma ambalo hukuliona kwa kuwa ulikuwa uani na wanawake. Shehe alipomaliza Yasini aliuliza majina ya marehemu wa kuombewa. Nikasema, "Jamali." Sauti ilitoka, na mimi mwenyewe nilishangaa. Wengine wakataja wazee wao. Jephté alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, kofia mapajani. Akasema kwa sauti ndogo, "Elda." Akaigeuza ile kofia. Akasema, "Bora. Cirhuza. Na ule mudogo, hatukukuwa tumemupatia jina." Wanaume wakamgeukia. Shehe alifunga msahafu, nikadhani atatoa maneno ya kitabu, kwamba hao ni Wakristo, nikajiandaa kugombana naye. Akamuuliza tu, "Umewataja wote?" Jephté akasema, "Bote." Shehe akainua mikono, nasi tukainua. Nilimshika Jephté mkono nikamvuta akae karibu nami, huku mbele, wanapokaa wafiwa wa nyumba. Alikuja. Tangu sasa ukinitumia salamu za watu wa kwetu, nihesabie na huyo.

Leo asubuhi wakati wa kurudi nilikaa mbele na Kalume, na macho nimeyafungua. Pale karibu na Gitaza nilimwomba apunguze mwendo, naye akapunguza, ingawa hakupenda. Hakuna alama yoyote, dada. Wanawake wameanika ndagala kando ya barabara na mmoja akaniinulia kikapu ninunue. Nililia mbele ya huyo mama, akadhani nimeudhika na bei. Nikatoa salamu kwa Jamali, nikamwambia ni mjomba wake, nimepita.

Naandika nimesimama, begi bado liko begani, mlango sijaufunga. Kalume ananingoja barabarani na injini inanguruma, anarudi Rumonge sasa hivi, na nimemwapisha akupe barua hii kabla ya kushusha mzigo wowote. Najua umekaa unangoja tangu nilipopanda gari. Nimefika, dada. Nimefika.

Mdogo wako,
Abdulhamid